Lawama za Libreville, Sifa za Munich

(Mazungumzo na makocha wa timu za mitaa, Tononoka, Mombasa)

Assalaam aleikum wazee wangu, makocha, na nyinyi vijana mliokuja na viatu vya mpira mkononi. Nimeombwa nizungumzie lawama. Hapa Mombasa hatuna uhaba nazo. Pita maskani yoyote jioni baada ya mechi, utagaiwa bure.

Nitamchukua mtu mmoja, Didier Drogba, mshambuliaji wa Ivory Coast na Chelsea, na fainali zake mbili za mwaka 2012.

Ya kwanza ni Libreville, tarehe 12 Februari, fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika, Ivory Coast na Zambia. Ivory Coast walikuwa hawajafungwa hata bao moja mashindano mazima. Dakika ya 70 Gervinho anaangushwa kwenye boksi. Penalti! Drogba anaupaisha mpira juu ya mtambaapanya. Bila kwa bila mpaka dakika 120, kisha mikwaju, Zambia wanashinda 8 kwa 7. Mpaka leo ukiuliza nani alilipoteza kombe lile, jibu ni Drogba.

Haya, tuhesabu. Kwenye mikwaju Drogba alifunga. Aliyepanguliwa na kipa wa Zambia, Kennedy Mweene, ni Kolo Touré. Rainford Kalaba wa Zambia naye akakosa, mlango ukawa wazi tena, Gervinho akashindwa kulenga lango. Ndipo Stoppila Sunzu akamaliza kazi. Na hizo dakika 120 je? Timu ina Yaya Touré, ina Kalou, na haipati bao! Mimi simsafishi Drogba. Penalti ile ni yake, na fungu lake ni kubwa kuliko la mwenzake yeyote. Ninachokataa ni kumbebesha na mafungu ya wengine.

Upande wa Zambia anatajwa Sunzu, kwa kuwa ndiye wa mwisho kugusa mpira. Lakini Mweene alipangua mkwaju, na kabla ya hapo alikwenda mwenyewe kupiga wa tano akafunga. Ningekuwa mimi, kombe lingelala kwake.

Tuje Munich, tarehe 19 Mei, fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya, Chelsea na Bayern Munich. Mashabiki wa Chelsea, msipige makofi bado. Bayern wako kwao, Müller anafunga dakika ya 83. Dakika ya 88 Mata wa Chelsea anapiga kona, Drogba anaweka kichwa, bao, sare 1 kwa 1. Ikaenda mpaka mikwaju, na mkwaju wa mwisho ni wake pia, kombe likaenda London. Shujaa!

Sasa tazameni muda wa ziada. Drogba amerudi kusaidia ulinzi, anamkwatua Ribéry wa Bayern ndani ya boksi. Robben anapiga penalti, kipa wa Chelsea, Petr Čech, anaiokoa. Ingeingia ile, Drogba angekuwa mkosaji wa fainali mbili ndani ya miezi minne. Na kwenye mikwaju Mata, yule yule wa kona, alikosa wa kwanza. Čech akamzuia Olić, na wa Schweinsteiger akaugusa kwa ncha za vidole ukagonga mwamba. Drogba alipofika kwenye mpira, njia ilishasafishwa na kipa.

Sifa nazo husahau haraka. Feisal, timu ya hapa hapa, walichukua ligi ya Kenya mwaka 1965. Nani humu ndani ataniambia beki wa kushoto alikuwa nani? (Kicheko.) Sawa.

Kwa watoto wetu jambo hili linaumiza zaidi. Nimeona fainali ya mtaa, bao la dakika ya mwisho, kipa mdogo anavua glavu huku anarushiwa chupa ya maji. Kona ile ilitokana na winga aliyeona uvivu kurudi. Mabeki wawili walisimama wakiulizana nani amkabe mfungaji. Kocha alikuwa ameshamaliza kubadilisha wachezaji tangu mapumziko. Chupa ilikuwa moja tu.

Kwa hiyo makocha, kabla hamjawaruhusu kwenda nyumbani, lirudisheni bao nyuma, mguso kwa mguso, mpaka mfike pale mpira ulipopotea. Kila mmoja aseme alikuwa wapi, kocha awe wa kwanza. Na mkishinda, fanyeni vivyo hivyo.

Mzee wa pale nyuma ameinua mkono tangu nilipomtaja Gervinho. Karibu, mzee.