Tela la samadi linafia maegeshoni

Wazee wangu, mama zangu, na vijana mliotoka Magu na Misungwi, asanteni kwa kufika. Udongo wetu wa luseni mnaujua: mchanga mtupu, rutuba haikai. Samadi ndiyo dawa yake, na Usukumani mazizi hayajawahi kuikosa. Kwa hiyo nikisikia kikundi kimechanga fedha kikanunua tela la kutawanyia samadi, hata kama ni mtumba, nafurahi kwelikweli. Kinachoniuma ni kulikuta msimu unaofuata liko chini ya mwembe, limeoza.

Kazi hailiui tela hili upesi, maegesho ndiyo yanayolimaliza. Mkojo na kinyesi cha ng'ombe vina chumvi na amonia, na vikipata unyevu vinakula chuma usiku na mchana. Ukiliacha lilale na samadi, inashikana na cheni ya sakafuni, ile inayosogeza samadi kwenda nyuma. Asubuhi ukiwasha trekta, cheni inakatika. Basi siku hiyohiyo toa yote, uoshe. Anzia chini ya mbao za sakafu, pale cheni inapozungukia kurudi mbele, maana uchafu mwingi unajificha huko. Likikauka, paka cheni oili, kisha piga grisi kila nipeli, vile vichuchu vya kuingizia grisi, mpaka ile ya zamani, nyeusi, itoke yote.

Na nawaomba sana, msilioshee ziwani. Uchafu huo ndio unaonenepesha magugumaji yanayowafungia wavuvi njia, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 kutoka ukingoni zisiguswe. Oshea shambani, maji yaende kwenye migomba.

Sasa tuje nyuma, kwenye mapanga yanayorusha samadi. Samadi ya zizini kwetu haiji peke yake. Inakuja na mawe, na vipande vya kamba za nailoni tulizofungia ndama. Kamba inajizungusha kwenye ekseli ya mapanga, inasogea taratibu hadi kwenye beringi, inakata sili, ule mpira unaozuia maji. Maji yanaingia na beringi inakwisha. Kamba hiyo kwa macho huioni, imefunikwa na samadi. Chukua kisu, uikate yote kila mnapomaliza kazi.

Jiwe likikwama, kuna bolti moja laini iliyowekwa makusudi ikatike. Wengi wanakasirika, wanaweka bolti ngumu au wanamwambia fundi achomelee. Hapo umeondoa mlinzi: safari ijayo itavunjika giaboksi, na giaboksi ya tela la zamani kuipata ni shida. Weka bolti ya ugumu uleule, na mbili za akiba kwenye kisanduku cha trekta.

Kabla hujapeleka mkono huko, zima trekta, chomoa ufunguo. Shafti ya pitio, ile inayopeleka nguvu ya trekta kwenye tela, inazunguka mara 540 kwa dakika. Ikinasa kanga au koti la mvua, hupati muda wa kupiga kelele. Kava yake ikipasuka, tela lisitoke.

Kuna mama ameuliza kuhusu mbao za sakafu. Mama, usiweke mpaini, utaoza mapema. Tafuta mninga, na kabla ya kununua tela lolote, choma mbao za sakafu za pembeni kwa ncha ya bisibisi. Ikizama kirahisi, hesabu sakafu mpya kwenye bei unayotaka kulipa.