Pima Kwanza, Betri Baadaye

Ndugu zangu, nimeombwa nizungumzie umeme wa akiba kwa wanaolala na mashine ya CPAP, ile inayokusukumia hewa kupitia barakoa usiku kucha. Ugonjwa wenyewe sitaueleza. Kila aliyeketi hapa anajua kukatika pumzi usingizini ni nini, ama kwa kifua chake mwenyewe, ama kwa kukesha akimsikiliza mwenzake anakoroma, ananyamaza, kisha anashtuka akitafuta hewa. Na mnajua kwamba mashine haiponyi. Inashikilia njia ya hewa isifunge, basi, na ikizimika njia inafunga usiku uleule.

Swali ninaloulizwa kila mahali ni hili: "Ninunue betri gani?" Jibu langu halijabadilika miaka yote, na leo nitalirudia mpaka mchoke nalo. Huwezi kujua, na muuzaji hawezi kujua, mpaka mashine yako ipimwe inakula umeme kiasi gani kwa usiku mzima.

Najua mtaniambia kwamba imeandikwa kwenye adapta. Ndiyo, imeandikwa: wati 90, au 80, au 65. Hicho ni kiwango cha juu kabisa ambacho adapta ina uwezo wa kutoa. Si kile ambacho mashine inakula. Mtu anachukua wati 90, anazidisha kwa saa 8, anapata wati-saa 720, anakwenda dukani na karatasi hiyo na kutoa akiba yake yote. Mwingine anakata tamaa kwa sababu hesabu imemshinda, analala bila chochote. Wote wawili wamedanganywa na kibandiko.

Ndani ya mashine hiyo kuna kazi mbili tofauti. Ya kwanza ni kusukuma hewa. Daktari Colin Sullivan na wenzake wa Sydney walipotangaza tiba hii mwaka 1981, mota zake zilikuwa kubwa na zenye kelele. Mota za leo ni ndogo, na kwa mgandamizo wa hewa wa kawaida nyingi zinaridhika na wati kama 6 hadi 12. Kazi ya pili ni kupasha joto maji ya kitangi cha unyevu, na kwa baadhi ya mashine, kupasha joto mpira wa hewa pia. Hapo ndipo umeme unapoishia. Joto hilo linaweza kuipandisha mashine ileile hadi wati 30, 40, hata zaidi. Una birika dogo linalochemka kando ya kitanda usiku kucha, halafu unashangaa betri imekwisha!

Nitawaeleza kisa cha mwalimu mmoja mstaafu, na nitakieleza chote, kwa sababu kila kosa ninalolipigia kelele limo ndani yake. Alikuwa na betri mpya ya asidi, volti 12, ampea-saa 50. Akaiunganisha na inveta kubwa, yaani kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, ile ambayo muuzaji alimwambia itaendesha hata friji. Umeme ulipokatika alilala saa nne usiku akiwa na moyo mkunjufu. Saa tisa inveta ikaanza kulia, mashine ikazimika. Asubuhi akarudi dukani, na dukani wakamwambia anunue betri ya pili.

Alipokuja kwetu hatukuigusa betri. Tulichukua kipima umeme, kile kidude kinachochomekwa kwenye soketi ya ukutani, na mashine ikachomekwa juu yake. Ukikitazama kwa dakika moja kitakuchanganya: kinaonyesha 9, ghafla 55, kinarudi 9, kwa sababu kipasha joto kinawaka na kuzima. Ndiyo maana nasema usiku mzima. Asubuhi unabonyeza kitufe mpaka upate jumla. Vipima vingi huonyesha uniti, kwa hiyo ukiona 0.08 ujue hizo ni wati-saa 80. Jumla ya mwalimu, ikigawanywa kwa saa alizolala, ilitoa wastani wa wati 42. Inveta nayo ilikuwa inakula sehemu yake, kwa sababu inveta kubwa ikiwa imewashwa tu, bila kuendesha kitu, inaweza kumeza wati 15 au 20. Yaani mlinzi anakula karibu nusu ya anachokula mwenye nyumba. Jumla ikafika kama wati 60.

Sasa betri. Volti 12 mara ampea-saa 50 ni wati-saa 600. Lakini betri ya asidi ukiishusha chini ya nusu mara kwa mara unaiua, kwa hiyo alizokuwa nazo kihalali ni 300. Gawanya 300 kwa 60: saa 5. Kutoka saa nne hadi saa tisa. Betri haikuwa na kosa lolote!

Tukazima joto la kitangi, tukazima joto la mpira, tukaiweka inveta pembeni, tukatumia waya wa moja kwa moja kutoka kwenye betri kupitia kibadilisha volti cha mashine yake. Matumizi yakashuka hadi wati 10 hivi. Betri ileile, mtu yuleyule, mgandamizo uleule. Saa 5 zikawa kama saa 30. Hakununua betri ya pili.

Nasikia mtu pale nyuma anasema koo litakauka. Litakauka kidogo, kweli, na silidharau hilo, kwa sababu koo kavu linafanya watu waivue barakoa na kuitupa. Lakini nimesema zima joto, sijasema mwaga maji. Hewa ikipita juu ya maji yasiyo moto bado inabeba unyevu kiasi. Matone ya maji ya chumvi puani kabla ya kulala yanasaidia. Na huu ni usiku wa giza tu, si maisha yako yote. Kama kweli huwezi kulala bila joto hilo, sawa, lakini hesabu yako uifanye ukijua kwamba unahitaji betri kubwa mara nne. Ukibadilisha mpira wa joto ukaweka wa kawaida, ingia kwenye mipangilio uiambie mashine ni mpira wa aina gani, ikiwa mashine yako inauliza.

Kitu kimoja msikiguse ili kuokoa betri: mgandamizo. Huo ndio dawa, na daktari ndiye anayeupanga. Afadhali urekebishe barakoa inayovuja, maana hewa ikivuja mota inaongeza kasi na kula zaidi.

Kuhusu waya wa moja kwa moja, nawasihi msome nyuma ya mashine. Nyingine ni za volti 12, nyingine za 24. Ya 24 huwezi kuichomeka kwenye betri ya 12 bila kibadilisha volti kilichotengenezwa kwa ajili yake. Na chanya iende kwenye chanya. Ukigeuza, unaweza kuiua mashine mara moja. Kama waya huo haupatikani, tumia inveta, lakini iwe ndogo, na iwe ya wimbi safi, yaani umeme wake upande na kushuka kwa ulaini kama wa ukutani. Zile za wimbi la ngazi hupasha moto baadhi ya adapta na kuzifanya zinung'unike.

Halafu kuna hizi pawa benki. Imeandikwa kwa herufi kubwa 20,000, na mtu anaona ni bahari. Hizo ni miliampea-saa, kwa volti 3.7 za ndani. Zidisha: ni wati-saa 74. Tena tundu la kuchajia simu halitoi volti ambazo mashine yako inataka. Muuzaji akikutajia miliampea, mwambie akupe wati-saa. Akishindwa, ondoka.

Betri ipi basi, baada ya kupima? Kama mfuko unaruhusu, lithiamu ya fosfeti ya chuma. Unaweza kutumia asilimia 80 na zaidi ya kilichomo, inachajiwa na kutumika maelfu ya mara, na ni nyepesi kubeba. Kama hauruhusu, betri ya asidi ya aina ya kutumika taratibu (deep cycle), na usikubali ya kuwashia gari. Ile imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, na ikichajiwa inatoa gesi ya haidrojeni inayoweza kulipuka. Chumbani si mahali pake.

Jenereta sikutaka hata kuitaja, lakini lazima, kwa sababu inaua. Moshi wake una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Usiiwashe ndani, wala kwenye veranda, wala chini ya dirisha la chumba cha kulala. Iwe mbali, mita 6 au zaidi, na moshi uelekee upande mwingine. Na msijidanganye kwamba chujio la mashine litawakinga. Chujio linakamata vumbi, gesi inapita. Ile mashine itakusukumia hewa ya chumba chako, iwe nzuri au mbaya, moja kwa moja mapafuni.

Naona naonyeshwa saa. Haya yaliyobaki nayapitisha haraka. UPS ya kompyuta ya kawaida ina betri ndogo na kelele nyingi. Itakuvusha dakika za kukatika na kurudi, si usiku. Sola ni nzuri kwa kujaza betri mchana, na paneli ya wati 100 kwenye jua zuri inatosha kwa mtu aliyezima joto. Umeme ukirudi hurudi kwa kishindo, kwa hiyo weka kinga ya volti. Lala na betri yako usiku mmoja kabla ya mgao kukukuta, huku umeme wa ukutani ukiwepo kama kimbilio.

Betri ikiisha, vua barakoa. Usilale nayo mashine ikiwa imezimika, kwa sababu utakuwa unavuta tena hewa uliyoitoa. Lala kwa ubavu, inua kichwa cha kitanda, na usiku huo pombe na dawa za usingizi zikae mbali.

Wenye mashine za oksijeni, na wenye mashine zinazowapumulia, hesabu hizi za leo si zenu. Mtambo wa oksijeni peke yake unaweza kula wati 300, na kwenu kukatika kwa umeme ni dharura inayohitaji mpango ulioandikwa na daktari. Nawaomba mbaki, tukae pamoja baada ya hapa. Wengine wote, vipima umeme viko kwenye meza ya mlangoni na vinaazimwa. Chukua kimoja, andika jina lako, ulale nacho leo, na kesho uniletee namba. Bila namba sitajibu swali la betri.