Mologa: Wilaya ya Urusi Iliyofutwa Kabla ya Kufunikwa na Maji

Mabibi na mabwana, ndugu zangu mnaoipenda historia ya utawala,

Jioni ya leo nitazungumzia wilaya moja tu ya mashambani nchini Urusi, nayo ni wilaya ya Mologa, iliyokuwa katika jimbo la Yaroslavl, kaskazini-magharibi mwa mji wa Rybinsk, mahali ambapo mto Mologa ulikuwa ukiingia katika Volga. Aghalabu jina hili hutajwa kwa ajili ya mji wake mkuu, ambao leo umo chini ya bwawa la Rybinsk. Mimi nataka tuufuate upande wa makaratasi, kwa sababu naamini ndiko mkasa huu ulikoanzia. Wilaya hii ilichorwa, ikahamishwa, ikakatwa vipande na hatimaye ikafutwa kwa amri zilizoandikwa mbali na mashamba yake, na maji yalipowasili, wilaya yenyewe ilikuwa imekwisha kuondolewa katika daftari za serikali.

Kwanza ilivyozaliwa. Mwaka 1775 Malkia Katerina wa Pili alitoa sheria ya kupanga upya majimbo ya Urusi, yaani guberniya, na kila guberniya ikagawanywa katika uyezdi, ambazo kwetu tungeziita wilaya. Kipimo kilikuwa hesabu ya wanaume walioandikishwa kwa kodi: guberniya iwe na laki tatu hadi nne, na uyezdi iwe na 20,000 hadi 30,000. Mito, misitu na mazoea ya watu kuuziana na kuoana havikutiwa katika hesabu hiyo. Kila uyezdi ilihitaji mji wa kukaa maofisa, na pale mji ulipokosekana, makazi ya wafanyabiashara yalipandishwa hadhi. Hivyo ndivyo Mologa, kituo cha kale cha biashara ya mtoni, ilivyofanywa mji mwaka 1777 na kupewa wilaya ya kuitawala.

Chini ya uyezdi palikuwa na volosti, na hapa naomba mniruhusu nikae kidogo, kwa kuwa volosti ndiyo serikali ambayo mkulima aliiona kwa macho yake. Baada ya wakulima kuachiliwa kutoka mikononi mwa mabwana wa ardhi mwaka 1861, vijiji vilikusanywa katika volosti zenye wanaume kati ya 300 na 2,000 hivi. Wawakilishi wa kaya walikutana, wakamchagua mkuu wa volosti, na wakawachagua mahakimu kutoka miongoni mwao wenyewe. Mahakama hiyo ilisikiliza madai yasiyozidi rubli 100 na kuamua mengi kwa mila za mahali, na iliweza kumhukumu mtu hadi viboko ishirini, adhabu iliyodumu mpaka mwaka 1904. Aliyekuwa na nguvu kuliko wote mara nyingi alikuwa karani, kwa maana mkuu wa volosti angeweza kuwa hajui kusoma, na barua zote kutoka wilayani zilipitia mkononi mwa yule aliyejua.

Walioitumikia volosti na kuigharimia walikuwa wakulima peke yao. Bwana mwenye shamba kubwa, padri na mfanyabiashara waliishi ndani ya mipaka yake bila kuwa chini yake wala kuichangia. Mwaka 1864 serikali ilianzisha zemstvo, mabaraza ya kuchaguliwa yaliyojenga shule, zahanati na barabara, lakini yaliishia ngazi ya wilaya. Volosti haikupata zemstvo yake hadi mwaka 1917, wakati dola ilikuwa tayari inaporomoka. Mwaka 1889, badala ya kuziba pengo hilo, serikali ilimweka juu ya volosti ofisa aliyeteuliwa, kwa kawaida kutoka tabaka la makabaila, mwenye uwezo wa kuwaadhibu wakuu wa volosti na kuzuia maamuzi ya mikutano yao. Kwangu mimi hilo lilikuwa kosa kubwa kuliko yote ya utawala wa mashambani wa zama zile, kwa sababu chombo pekee ambacho mkulima alikichagua mwenyewe kilifanywa kuwa tarishi wa wakubwa.

Baada ya mapinduzi ya 1917 ramani ilianza kubadilika kwa kasi ambayo hata makarani waliisumbukia. Mchukueni mtu aliyezaliwa mwaka 1900 katika kijiji kimoja karibu na mji wa Mologa na asiyehama hata siku moja. Alizaliwa katika uyezdi ya Mologa, guberniya ya Yaroslavl. Mwaka 1921 alijikuta katika guberniya mpya ya Rybinsk, na miaka miwili baadaye guberniya hiyo ikavunjwa, akarudishwa Yaroslavl. Mwaka 1929 uyezdi na volosti zilifutwa kabisa. Uyezdi yake ikagawanywa katika raioni, yaani wilaya ndogo zaidi, zikiwamo Mologa, Breytovo na Nekouz, na yeye akawa mkazi wa raioni ya Mologa, chini ya okrugi ya Rybinsk, yaani ngazi iliyokuwa kati ya raioni na mkoa, katika mkoa mkubwa wa viwanda uliotawaliwa kutoka Ivanovo. Mwaka uliofuata okrugi zikaondolewa. Mwaka 1936 mkoa ule ukagawanywa, akawa raia wa mkoa wa Yaroslavl. Kijijini, mahali pa volosti palichukuliwa na baraza la kijiji, ambalo kazi yake katika miaka ile ya mashamba ya ujamaa ilikuwa zaidi kutekeleza maagizo kuliko kuamua.

Mpango wa mwaka 1929 haukukosa hoja. Raioni ndogo ilimsogeza ofisa karibu na mkulima, na safari ya kwenda makao makuu ikapungua. Lakini raioni ndogo huwa pia dhaifu mbele ya mkoa, na udhaifu huo ulionekana upesi. Septemba 1935 serikali ya Muungano wa Kisovyeti iliamua kujenga mabwawa ya umeme ya Uglich na Rybinsk. Hapo awali kiwango cha maji cha bwawa la Rybinsk kilipangwa kufikia mita 98 juu ya usawa wa bahari. Kisha, mwaka 1937, kikapandishwa hadi mita 102. Tofauti ya mita nne katika nchi tambarare kama ile iliongeza mno eneo la kufurikwa, na mji wa Mologa, uliosimama takriban mita 98 hadi 101, ukaingia ndani ya mstari wa maji.

Watu walihamishwa. Nyumba za magogo zilibomolewa, magogo yakatiwa alama, yakafungwa kuwa chelezo na kueleshwa mtoni hadi Rybinsk, yakajengwa upya huko. Ujenzi wa bwawa wenyewe ulifanywa kwa kiasi kikubwa na wafungwa wa kambi ya Volgolag. Kwa eneo lote la bwawa, waliohamishwa hukadiriwa kuwa watu 130,000 hivi, na vijiji karibu 700. Raioni ya Mologa ilifutwa mwaka 1940, na bwawa lilianza kujazwa Aprili 1941; kiwango cha maji kilichopangwa kilifikiwa mwaka 1947.

Ardhi ya uyezdi ya zamani haikuzama yote. Sehemu zilizobaki juu leo zimo hasa katika wilaya za Breytovo na Nekouz, na baadhi katika wilaya ya Rybinsk, na wenyeji wake bado hujiita watu wa nchi ya Mologa ingawa hakuna ofisi yoyote yenye jina hilo. Kule Rybinsk kumekuwapo jumba la makumbusho la Mologa tangu mwaka 1995, na wahamiaji pamoja na wajukuu wao hukutana kila Agosti. Kwa mtafiti, ugumu mkubwa ni kwamba kijiji kimoja huandikwa chini ya mamlaka tofauti kulingana na mwaka, kwa hiyo anayemtafuta babu yake lazima kwanza ajue mwaka, kisha ajue mwaka huo kijiji kilikuwa chini ya volosti, raioni au baraza gani, ndipo aagize jalada. Nyaraka nyingi za zemstvo na volosti za Mologa anapaswa kuzianzia katika tawi la Rybinsk la hifadhi ya nyaraka ya mkoa wa Yaroslavl.