Maneno ya Huyu, Sauti ya Yule: Mhadhara kwa Walimu wa Kwaya, Dodoma

Tumsifu Yesu Kristo. Na kwa ndugu zetu wa upande wa pili, Bwana Yesu asifiwe.

Mada niliyopewa ni maisha ya watunzi wa nyimbo za kanisa. Nitaifuata, ila nitaipinda kidogo. Maisha ya mtunzi yanamsaidia mwalimu wa kwaya pale tu yanapoeleza kwa nini wimbo umekaa ulivyokaa. Mengine ni mapambo, na mengine ni uongo tunaorithishana madhabahuni.

Tuanze na huo uongo tuumalize. John Newton, mwenye ule wimbo wa neema unaojulikana duniani kote kama Amazing Grace, mara nyingi husimuliwa kwamba aliutunga melini, katikati ya dhoruba, akaacha papo hapo biashara ya watumwa. Dhoruba ilikuwa mwaka 1748. Baada ya hapo ndipo alipopanda cheo akawa nahodha wa meli za watumwa, akaendelea hadi 1754. Wimbo aliuandika akiwa mchungaji wa Olney, Uingereza, uendane na mahubiri ya tarehe 1 Januari 1773. Kijitabu chake cha kuipinga biashara ile kilitoka mwaka 1788. Toba yake ilichukua miaka arobaini, na naona inatufaa zaidi hivyo kuliko ile ya dakika tano. Vivyo hivyo hadithi ya Augustus Toplady kujificha mvua katika ufa wa jabali na kuandika "Mwamba wenye imara" humo humo: haina ushahidi wowote. Lililo hakika ni kwamba aliuchapisha wote mwaka 1776 na akafa mwaka 1778, akiwa na miaka 37.

Toplady hakuwahi kuusikia wimbo wake kwa sauti tunayoiimba. Sauti hiyo ni ya Mmarekani Thomas Hastings, ya mwaka 1830, nusu karne baada ya mwenye maneno kuzikwa. Nyimbo nyingi za zamani ziko hivyo: maneno ya huyu, sauti ya yule, na mara nyingi hawakuonana. Newton naye aliunganishwa na sauti inayojulikana leo mwaka 1835, kule Marekani, alipokuwa ameshafariki tangu 1807.

Mfano mzuri zaidi ni Joseph Scriven. Huyu ni Mwairishi aliyezaliwa mwaka 1819. Mchumba wake alikufa maji siku moja kabla ya harusi. Akahamia Kanada, akachumbia tena, na mchumba wa pili naye akafa kwa ugonjwa. Mwaka 1855 aliandika beti za kumfariji mama yake aliyebaki Ireland, bila nia ya kuzichapisha, na zilipochapishwa mara ya kwanza hazikuwa na jina lake. Mwaka 1868 mwanasheria wa Marekani, Charles Converse, akazitungia sauti. Ndio "Yesu kwetu ni rafiki". Scriven mwenyewe alikufa maji mwaka 1886.

Watu wawili wasioonana waliwezaje kushonana vizuri hivyo? Kwa mizani. Mwenye maneno aliandika mistari ya silabi 8 na 7, mwenye sauti akatunga nota 8 na 7. Sisi wenye ushairi wa Kiswahili hilo halitushangazi. Lakini mizani ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni mkazo, na hapo ndipo kwaya zetu zinapopata taabu bila kujua chanzo chake.

Mizani kwanza, kwa haraka. M iliyosimama mbele ya konsonanti ni silabi kamili: "mkono" ni nota tatu, "mtu" ni mbili, na "nchi" ni mbili. Lakini pale m inapoungana na herufi inayofuata, haihesabiwi peke yake: "Mwokozi" ni tatu, si nne, na "mbingu" ni mbili. Mtunzi akiweka "mtu" kwenye nota moja, waimbaji wataimeza m, au waimbaji wa sauti ya nne (besi) watasema "mutu" na wengine "tu", na hutajua kelele inatoka wapi.

Sasa mkazo. Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho: raFIki, saLAma, BWAna. Muziki nao una pigo zito, yaani la kwanza katika kila kipimo, na la tatu kama vipimo ni vya mapigo manne. Silabi nzito ikae kwenye pigo zito. Jaribuni: YE-su KWE-tu NI ra-FI-ki. Imekaa. Endeleeni mstari wa pili: HWA-mbi-WA ha-JA pi-A. Umeharibika wote! Sababu ni moja. Mstari wa silabi 7 wa Kiingereza unaishia kwenye pigo zito, na Kiingereza kina maneno mengi ya silabi moja ya kukaa hapo. Sentensi ya Kiswahili karibu kila mara huishia kwenye silabi nyepesi.

Edward Mote anatuonyesha jambo hilo kwa ukamilifu zaidi. Alikuwa fundi wa makabati London, baadaye akawa mchungaji wa Kibaptisti. Maneno yake ni ya 1834, na sauti ni ya William Bradbury, 1863. Katika Tenzi za Rohoni tunaimba "Cha kutumaini sina, ila damu yake Bwana". Sauti ya Bradbury ina nota moja nyepesi ya kuingilia kabla ya pigo la kwanza, kwa hiyo tunaimba cha-KU-tu-MA-i-NI si-NA, i-LA da-MU ya-KE bwa-NA. Kila mkazo umekosea. Lakini msimlaumu aliyetafsiri! Soma beti lake bila muziki: I-la DA-mu YA-ke BWA-na, SI-na WE-ma WA ku-TO-sha. Ni Kiswahili safi kabisa. Kinachogombana nacho ni ile nota ya kuingilia.

Dawa yake ni hii. Nyamazisha nota ya kuingilia, anza "Cha" kwenye pigo la kwanza, kisha sogeza maneno yote nota moja mbele. Nota iliyokuwa ya kuingilia mstari wa pili sasa inabeba "na" ya "sina". Ikiwa nota hiyo inaruka mbali na iliyotangulia, irudishe kwenye sauti ile ile, la sivyo "na" itapaa. Mwisho wa beti utabaki na silabi moja isiyo na nota: gawanya nota ndefu ya mwisho mara mbili. Katika solfa (nota zinazoandikwa kwa herufi d, r, m, f, s, l, t), pale palipo na "s :–" andika "s :s". Fanyeni hivyo kwa kwaya kwanza. Waumini waliozoea watavutana nanyi, na kinanda kikiendelea kupiga nota ya kuingilia, itakuwa vurugu. Mpeni mpiga kinanda karatasi yake mapema.

Kwa mistari ya 7 dawa ni nyingine: ongeza silabi ya nane na ugawanye nota ya mwisho. "Mwamba wenye imara" huishia i-ma-RA. Kwa zoezi tu, wekeni "Mwamba wangu ni imara": MA inapata uzito, ra inapata mkia.

Mtu aliyeijua kazi hii kwa kina ni Fanny Crosby (1820–1915). Alikuwa kipofu tangu akiwa na wiki sita, na aliandika tenzi zaidi ya 8,000, nyingi kwa majina ya kubuni, kwa sababu wachapaji hawakupenda kitabu kijae jina moja. Mara nyingi aliletewa sauti kwanza. Mwaka 1873 Phoebe Knapp alimpigia sauti aliyoitunga, naye akaiwekea maneno; ndiyo "Ndiyo dhamana, Yesu wangu". Mkianza na sauti kama yeye, andikeni mapigo mazito kwanza, kisha tafuteni maneno. Mkianza na maneno, someni kwa sauti ya kuongea, pigieni mstari silabi nzito, na andikeni beti zote kabla ya kugusa nota. Kosa la kila siku ni kutunga sauti kwa beti la kwanza, halafu beti la tatu linalazimishwa kama gunia linalozidi mdomo.

Waliotunga kwa lugha zetu hawakuwa na ugomvi huu. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya Kimethodisti karibu na Johannesburg, alitunga mwaka 1897 wimbo ambao sauti yake mnaisikia hapa Dodoma kila Bunge linapofunguliwa. Aliandika kwa solfa, na Kixhosa nacho huelemea silabi ya pili kutoka mwisho. Naamini hiyo ni sababu mojawapo ya "Mungu ibariki Afrika" kukaa bila kusukumwa. Bernard Kyamanywa, akisoma chuo cha theolojia cha Makumira mwaka 1966, aliandika "Mfurahini, Haleluya" kwa sauti ya asili ya Kihaya. Hesabuni: m-fu-ra-HI-ni, ha-le-LU-ya. Wajerumani waliupenda wakautafsiri. Safari hii kazi ya kupanga silabi iliwaangukia wao.

Sauti za Kigogo nazo zina sharti lake. Ngazi ya ilimba (ala ya vipande vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba), kama aliyoipiga mwanamuziki wa Kigogo Hukwe Zawose, inafuata sauti za asili: d, m, s, kisha nota iliyo kati ya l na t, halafu d na r za juu. Hiyo nota ya nne iko chini ya kitufe cheusi cha kinanda kilicho kati ya l na t (d ikiwa C) kwa karibu theluthi ya nusu-sauti. Ukiiandamanisha na kinanda, waimbaji watavutwa juu na ladha inakwisha. Kinanda kinyamaze, na sauti ya pili iruke nota moja ya ngazi hiyo, isitafute tatu za kizungu (umbali wa nota tatu, kama d hadi m).

Kuna swali limeletwa kwa karatasi: je, tunaruhusiwa kubadili maneno ya wafu? George Whitefield alibadili wimbo wa Krismasi wa Charles Wesley mwaka 1753, na toleo lake ndilo lililoshinda. John Wesley, kaka yake Charles, alilalamika katika dibaji ya kitabu cha tenzi cha 1780: wapendao kuzichapa tenzi zetu na wazichape, lakini wasijaribu kuzirekebisha, kwa maana hawawezi. Wakishindwa kujizuia, waandike maneno ya asili pembeni au chini ya ukurasa. Fanyeni hivyo: maneno Edward Mote 1834, sauti William Bradbury 1863, Kiswahili Tenzi za Rohoni, halafu jina lako, na mstari ulioubadili kama ulivyokuwa.