Jeli ya Nywele Inapokataa Kukaza

MWANAIDI: Karibuni, wasikilizaji. Leo tunashughulikia pomedi ya jeli inayotengenezwa nyumbani ikatoka na madonge, ikabaki majimaji, au ikaacha chembe nyeupe kichwani. Kaka Rashidi, tuanze na madonge, kwa kuwa wengi wakiyaona hukimbilia kuongeza maji.

RASHIDI: Na hapo ndipo wanapozidi kuharibu, dada Mwanaidi. Unga wa zanthani, ule unaokaza jeli, ukiangukia maji kwa pamoja, sehemu ya nje ya kila donge hugeuka utando wa jeli papo hapo na kuyazuia maji yasipenye. Ukilipasua donge kwa ukucha utakuta unga mkavu katikati. Kinga yake ni kukoroga kwanza gramu 1 ya unga katika gramu 5 hivi za gliserini, ambamo hauvimbi, kisha kuumimina mchanganyiko huo kidogo kidogo katika gramu 94 za maji huku ukikoroga bila kusita.

MWANAIDI: Na aliyekwisha kupata madonge?

RASHIDI: Aifunike jeli na kuiacha usiku kucha, kwani madonge madogo huendelea kulowa, kisha achuje yaliyosalia kwa kitambaa chepesi. Blenda ya kasi siipendi, kwa sababu huingiza hewa, na zanthani ikishashika mapovu haiyaachii upesi.

MWANAIDI: Kuna wanaotumia kaboma, unga mwingine wa kukazia jeli, wakafuata vipimo vyote, na bado jeli ikamwagika kama maji.

RASHIDI: Kaboma ikiwa katika maji peke yake huwa na asidi, na hubaki nyepesi. Hukaza inapotiwa matone ya alkali iliyozimuliwa, mpaka pH, yaani kipimo cha asidi na alkali, ifike kati ya 6 na 7 hivi, kwa hiyo karatasi ya kupimia ni ya lazima, na glovu pia. Lakini nisisitize jambo moja: kaboma haipatani na chumvi. Utomvu wa mshubiri una chumvi za madini, na ukitiwa katika jeli iliyokwisha kukaza, unaweza kuilegeza palepale mbele ya macho yako. Kuongeza unga hapo ni kupoteza mali.

MWANAIDI: Ndiyo maana mimi huwaomba watu waandike kila hatua wanapotengeneza, kwa uzito na kwa mpangilio, ili hali ya jeli ikibadilika wajue ilibadilika baada ya kutia nini. Wanaochanganya nta na siagi ya shea nao wana shida yao: chembechembe kama mchanga.

RASHIDI: Hiyo ni siagi iliyopoa polepole, mafuta yake magumu yakaganda peke yake. Iyeyushwe upya juu ya maji ya moto, ipite nyuzi 65 ili nta nayo iyeyuke yote, kisha ipozwe haraka.

MWANAIDI: Na zile chembe nyeupe kichwani?

RASHIDI: Mara nyingine jeli imepakwa nyingi mno. Mara nyingine ni mafuta yaliyotangulia kwenye nywele. Weka tone la mafuta hayo na tone la jeli mgongoni mwa mkono, uyasugue pamoja kwa kidole. Yakikatikakatika na kutoa vipande vyeupe, badilisha mafuta kwanza, na jeli uiache ilivyo.