Taya Kwanza, Kifaa Baadaye

REHEMA: Karibuni tena. Kaka Daudi, leo nina swali moja. Mtoto yuko kwenye meza ya upasuaji, unataka kumwekea LMA, ile barakoa ya kooni ya kupitishia hewa. Unamlaza kwa dawa gani ili asikohoe wala nyuzi za sauti zisijifunge?

DAUDI: Akiwa na kanula tayari, yaani kile kimrija cha mshipani, propofoli. Inalituliza koo kuliko thiopentoni, dawa nyingine ya usingizi ya sindano. Thiopentoni humlaza haraka, lakini koo linabaki macho: ukigusa tu, anakohoa, anang'ata meno.

REHEMA: Ila kuna wanaompa mtoto dozi ya mtu mzima, halafu wanailaumu dawa.

DAUDI: Naliona sana hilo, dada. Mtu mzima mwenye afya hutosheka na takriban miligramu 2 kwa kilo. Mtoto mdogo, ukimpa propofoli peke yake, huhitaji kama 3, pengine zaidi, maana kwa kila kilo dawa husambaa mwilini mwake kwa upana zaidi na huondoka upesi. Mtoto wa kilo 12 basi ni miligramu 36 hivi.

REHEMA: Na tusiwafiche wasikilizaji: inachoma mshipani, pumzi inaweza kusimama kwa muda, presha inashuka. Mimi hutafuta mshipa mnene na kutanguliza lidokeini, dawa ya ganzi, kidogo.

DAUDI: Presha ikiwa tayari iko chini, kwa mfano kwa kupoteza damu, nafikiria ketamini, nayo dawa ya usingizi. Lakini kwa LMA si rafiki sana. Koo halilegei vizuri, na mate yanajaa.

REHEMA: Na mtoto anayeogopa sindano?

DAUDI: Sevofureni, dawa ya usingizi ya kuvuta kwa barakoa ya uso, asilimia 8 pamoja na oksijeni. Haiwashi koo, na anaendelea kupumua mwenyewe. Hilo naliheshimu sana. Baadhi yao huamka wakilia na kujirusha, mzazi aelezwe mapema.

REHEMA: Kuna mtego hapo. Macho yamefumba, ukigusa kope hazitikisiki, unadhani yuko tayari. Kumbe taya bado. Taya huchelewa kulegea kwa sevofureni kuliko kwa propofoli. Nilipokuwa mwanafunzi niliharakisha, nikaingiza kifaa, nyuzi zikajifunga. Kifua kinavutika, hewa haiingii. Mwalimu wangu alitoa kifaa, akabana barakoa usoni, akasukuma oksijeni tupu kwa shinikizo, akaongeza propofoli kidogo, zikafunguka. Ilikuwa chini ya dakika, lakini mpaka leo sigusi kifaa kabla ya kupima taya.

DAUDI: Waeleze unavyopima.

REHEMA: Vidole nyuma ya pembe za taya, pande zote mbili, sukuma mbele kwa nguvu. Asipojongea hata kidogo, ingiza.

DAUDI: Akijongea?

REHEMA: Rudisha barakoa ya uso, ongeza dawa, mwache avute tena. Halafu pima taya upya.