Mbrazili Naye ni Mtafuta Riziki

Mchezaji wa Kibrazili naye ni mtafuta riziki kama wengine: nimeshayasema haya redioni, nimeyasema vijiweni, na leo nitayarudia hapa mbele yenu, maana kila dirisha la usajili likifunguliwa ugonjwa ni uleule. Klabu ikisajili Mbrazili, mashabiki wanakwenda uwanja wa ndege kumpokea Pelé. Baada ya mechi tatu Pelé haonekani, basi kijana wa watu anaitwa garasa.

Mwaka 2019 Simba walileta watatu kwa mpigo: Wilker da Silva, Tairone Santos na Gerson Fraga. Wawili hawakudumu. Huyu wa tatu ndiye wangu, na mnaonijua mnajua nikianza habari zake simalizi.

Mwaka 2009 Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 lilichezwa Nigeria. Brazil ilikwenda na Neymar, Philippe Coutinho, Casemiro, na golini yumo Alisson. Nahodha wao nani? Fraga! Unadhani kikosi hicho kilifika fainali? Kiliifunga Japani 3-2, kikapigwa 1-0 na Mexico, kikapigwa tena 1-0 na Uswisi, kikafungasha virago hatua ya makundi. Miaka kumi baadaye Alisson anabeba Ligi ya Mabingwa Ulaya akiwa na Liverpool, na aliyekuwa nahodha wake anatua Dar es Salaam akitokea India, alikochezea Mumbai City na ATK ya Kolkata, na Japani nako alishapita.

Nakuona unatikisa kichwa. Utaniambia, "Mwalimu, angekuwa mzuri asingefika huku." Nimeulizwa hilo mpaka nimechoka. Tazama kwao kwanza. Brazil kila jimbo lina ligi yake. Inaanza Januari, Aprili imekwisha. Klabu ndogo isiyokuwa kwenye madaraja ya kitaifa, mara nyingi baada ya hapo haina mechi ya maana mpaka mwaka mwingine. Mikataba ni ya miezi mitatu, minne, halafu kibarua kimeota nyasi. Shirikisho lao lenyewe, CBF, lilitoa takwimu za 2015: zaidi ya asilimia 80 ya wachezaji walilipwa reais 1,000, fedha ya kwao, au pungufu kwa mwezi. Sasa wewe una mke na mtoto, wakala anakupigia simu kuna timu India, utamjibu unaisubiri Barcelona?

Turudi Msimbazi, kwa Simba. Fraga alicheza kiungo mkabaji. Kazi ile haina mbwembwe: ziba njia, nyang'anya, mpe mpira mwenzako Clatous Chama, rudi nyuma. Watu walikuwa wanasubiri kanzu na vyenga! Ikaja Julai 12, 2020, nusu fainali ya Kombe la Shirikisho la hapa Tanzania, Uwanja wa Taifa, kabla haujapewa jina la Mkapa. Bao la kwanza dhidi ya Yanga, Fraga. Ikaisha 4-1. Wananchi, yaani nyie wa Yanga mliomo humu, poleni, sitarudia. Nne moja. Msimu ule Simba wakabeba ligi na kombe lenyewe. Msimu uliofuata ukiwa bado mbichi akaumia goti, na safari yake na Simba ikaishia hapo.

Mtasema hayo ni ya wadogo. Haya, Aílton, naye Mbrazili. Msimu wa 2003/04 Werder Bremen mabingwa wa Ujerumani, yeye mfungaji bora kwa mabao 28, akawa mgeni wa kwanza kuchaguliwa mwanasoka bora wa mwaka Ujerumani. Timu ya taifa ya Brazil hakuichezea hata dakika moja. Qatar wakataka kumpa uraia awachezee wao, FIFA wakaweka zuio. Baada ya hapo hesabu mwenyewe: Schalke, Uturuki, Hamburg, Serbia, Uswisi, Ukraine, Austria, China, akamalizia madaraja ya chini Ujerumani. Mfungaji bora huyo!

Mawakala nilikuwa nimewatengea muda wao, lakini mwenyekiti ananionyesha saa. Basi viongozi wa klabu, kabla hamjasaini, ulizeni mtu alicheza dakika ngapi msimu uliopita na goti lake lina hali gani. Zile video za dakika tatu hata mimi naweza kutengenezewa. Maswali. Yule bwana wa jezi ya kijani amenyoosha mkono tangu nilipotaja nne moja, mpeni kipaza sauti kabla hajapasuka.